Chiriku Wasio na Vichwa

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi yoyote ya Nachingwea. Doris alilala mpaka jua likapanda, akanywa chai kwa mihogo ya kukaanga ya jirani, akafua sare zake za benki, kisha akajifungia chumba cha pili kuangalia magauni yake. Kazini walizoea kumtania kwamba angekuwa na mume asingehitaji chumba cha pili. Aliyejua kilichokuwamo humo alikuwa mtu mmoja tu, rafiki yake Prisila.

Hayakuwa magauni ya harusi wala ya kitenge. Yalikuwa ya Kijapani, ya ule mtindo wa vijana wa Tokyo wanaojipamba kama wanasesere: sketi iliyotuna kama mwavuli, lesi kila ukingo, tepe ndefu za kufungwa nyuma ya kiuno, na kitambaa kilichochapwa picha kuanzia kifuani hadi pindoni. Kampuni hushona machache, hutangaza mara moja, na yakiisha yameisha. Kwa hiyo mkusanyaji wa kweli halivai ovyo gauni lake, na kulifua ndiyo kabisa hathubutu, maana maji hufifisha chapa. Doris angeweza kukusamehe ukimtukana mama yake. Ukimshikia gauni kwa mikono yenye mafuta, huo ndio mwisho wenu.

Yeye alikuwa mtu wa Njombe, aliyeletwa kusini na uhamisho wa kazi. Prisila alikuwa mwenyeji wa Nandagala, upande wa Ruangwa, akiuza vipodozi pale Ruangwa mjini. Walikutana kwenye kundi la simu la wapenda magauni hayo, kundi lenye watu wa Nairobi, Lagos na Johannesburg, wakashangaa kukuta wanaishi mkoa mmoja. Wakapendana kama ndugu, na kama ndugu wakaoneana wivu.

Wivu wenyewe ulikuwa juu ya Gauni la Chiriku. Lilikuwa la rangi ya maziwa, limechapwa vizimba vya dhahabu, na kila kizimba kina chiriku mwekundu ameinua kichwa kuimba. Kampuni iliuza machache tu, kwa bahati nasibu. Doris akakosa, Prisila akapata. Doris akaishia kununua la feki, la kuigiza, na Prisila akamcheka mpaka machozi.

"Angalia kwenye mishono, shoga yangu," alimwambia. "Orijino, chapa ya huku inaungana na ya kule, chiriku anakuwa mzima. Lako wamekata kitambaa hovyo. Chiriku wako hawana vichwa. Halafu lesi ya nailoni, Doris? Nailoni?"

Ilikuwa kweli. Kila palipopita mshono, ndege walikuwa wamebaki shingo tu. Na la Prisila lilikuwa na dosari moja tu: kifungo cha shingoni kilidondoka njiani, mama yake akakishonea kingine, kidogo cha bluu, kilichotoka kwenye blauzi yake ya kwaya.

Basi, Jumamosi ile Doris akiwa katikati ya magauni, simu ikaita. Alikuwa Octavian, mjomba wa Prisila.

"Dada Doris, pole. Prisila hatunaye."

Prisila alikuwa amepanda bodaboda akiwa amevaa gauni lake mojawapo. Karibu na Likunja utepe wa kiunoni ukaingia kwenye gurudumu la nyuma. Ulimvuta Prisila chini, dereva akiwa bado hajajua kitu, ukaendelea kujizungusha na kumkunja kinyumenyume mpaka pikipiki ikazima. Waliomtoa walilazimika kukata utepe kwa panga, na mmoja wao hakula nyama tena mwaka ule.

Doris alilia. Tusimwonee, alilia kwa uchungu wa kweli, amekaa sakafuni na kichwa ukutani. Lakini machozi yakiwa bado yanamtoka, wazo lilimjia, na hakulifukuza. Nani atalichukua Gauni la Chiriku?

Jibu alilipata siku ya kuondoa matanga. Katika ukoo ule wa Nandagala nguo za marehemu hazikai sandukuni. Wanawake huzifua zote asubuhi, huzianika, kisha mkubwa wa nyumba humgawia kila mmoja yake mbele ya watu. Anayepewa huvaa palepale, juu ya nguo alizonazo, na anayegawa husema: Chukua, vaa, mwenyewe hayupo. Ukikataa kuvaa, umesema una jambo na msiba ule.

Doris alifika mapema, na mkoba mkubwa begani. Akamkuta Mama Makrina, mama wa Prisila, ameinamia sanduku la bati chumbani, karai na mche wa sabuni viko miguuni pake.

"Mama, utalifua na hili?" Doris aliuliza. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye lesi.

"Hilo ndilo la kwanza. Alilipenda mno." Mama Makrina alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Nguo ya marehemu isipofuliwa, mwanangu, mwenyewe bado yumo. Lazima atoke ndipo mwingine aingie."

Doris aliitazama ile sabuni, akaona wale chiriku wakififia, dhahabu ikitoka na povu. Moyo ulimuuma kuliko ulivyomuuma makaburini.

"Nenda kapumzike, mama. Hizi nguo nazijua, nitawatolea moja moja."

Mama Makrina akamshika shavu, akamwita binti mwema, akatoka. Doris akafungua mkoba. Gauni la feki likaingia sandukuni, orijino likaingia mkobani, na kazi yote haikuchukua muda wa kukunja kanga. Wakati anafunga zipu alisikia harufu ya mafuta ya nazi, yale aliyopaka Prisila, nzito, kama mtu amesimama nyuma ya bega lake. Hakugeuka.

Feki likafuliwa, likaanikwa, likakauka. Mama Makrina akamwita Lusiana, mdogo wake Prisila, msichana mrefu aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, mchekaji, ambaye dada yake alikuwa amemwahidi gauni lile.

"Chukua, vaa. Mwenyewe hayupo."

Lusiana akalivaa juu ya gauni lake jeusi, akazunguka, sketi ikatuna, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu wakatabasamu. Watu wakiwa bado wanakula, mtoto mmoja akaja na jogoo mkononi. Jogoo hakuwa na kichwa. Wazee wakasema ni kicheche, ingawa kicheche hula mchana kwa nadra, na hakuna aliyeona damu mahali popote.

Nyumbani Nachingwea, Doris aliuvisha lile gauni mdoli wa dukani aliousimamisha kwenye chumba cha pili. Mdoli ule haukuwa na kichwa wala miguu, ni kiwiliwili tu juu ya mti. Aliziachia tepe zining'inie, kama inavyotakiwa, zisipate mikunjo. Jioni aliporudi kutoka kazini zilikuwa zimefungwa.

Alilitambua fundo. Prisila alikuwa mashoto, na fundo lake la kipepeo siku zote lililalia upande mmoja, sikio refu likiangalia chini. Doris akalifungua fundo, akajiambia labda alilifunga mwenyewe akasahau. Kesho yake likawa limefungwa tena. Keshokutwa tena, na safari hii limekazwa hata kiuno cha mdoli kikaingia ndani na kupasuka.

Mtu mwingine angelirudisha. Doris alinunua mdoli mwingine.

Simu ya Octavian ilikuja Jumapili mchana. Sauti yake ilikuwa chini, ya mtu anayezungumza huku akichungulia nyuma.

"Dada, wewe unazijua hizi nguo. Gauni la Lusiana halivuki."

"Halivuki vipi?"

"Amelivaa kanisani. Karudi, anavua, halitoki. Linabana. Na kuku wameisha, dada. Wote. Vichwa hatuvioni. Njoo."

Doris alikodi gari dogo na kwenda. Njia nzima alikuwa anajipangia maneno ya kusema, na njia nzima alikuwa anayafuta. Alipofika Nandagala alikuta majirani wamesimama mbali na nyumba, upande wa mikorosho, na uani kuku wamelala shingo tupu, wamepangwa mstari ulionyooka kama mshono.

Lusiana alikuwa amelazwa mkekani. Uso ulikuwa umevimba, midomo ya kijivu. Tepe zilikuwa zimemkaza kiuno hata ungeweza kukizungushia viganja viwili. Kila alipotoa pumzi zilijivuta kidogo. Pumzi ikitoka, hairudi yote.

"Kata!" Mama Makrina alimwambia kaka yake. "Octavian, kata!"

Octavian akaingiza kisu chini ya utepe. Utepe ukatulia. Kisha ukajisokota, haraka, ukakigeuza kisu mkononi mwake, ukavuta. Vidole viwili vilidondoka mkekani. Octavian hakupiga kelele. Alivitazama tu kama vitu vya mtu mwingine, ndipo damu ikaruka.

Ubavu wa Lusiana ukalia, ko, kama kijiti kikavu.

Doris alipiga magoti. Macho yake, kwa mazoea, yalikwenda kwenye mshono. Chiriku wasio na vichwa walikuwa palepale. Lakini shingo zao zilikuwa zimelowa. Alipogusa, kidole kikawa chekundu.

Lusiana akafungua macho. Akamtazama Doris, akatabasamu tabasamu lisilokuwa lake.

"Nailoni, Doris?" alinong'ona.

Ilikuwa sauti ya Prisila.

"Anasema nini?" Mama Makrina aliuliza. "Mwanangu anasema nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Angesema, mama, nilibadilisha, nimekuibia wewe na maiti, la mwanao liko kwangu, halijafuliwa, na mwenyewe bado yumo. Maneno hayo yangetosha. Lakini majirani walikuwa wameshasogea mlangoni, wanasikiliza, na aibu ilimkaba.

"Iko dawa yake nyumbani kwangu," alisema. "Naifuata. Narudi sasa hivi."

"Wahi, mwanangu," Mama Makrina alimwambia, amekishika kichwa cha binti yake mapajani. "Wahi. Sina mwingine."

Dereva aliendesha kama mwendawazimu. Vumbi likawafuata mpaka Nachingwea. Doris aliingia ndani mbio, akafungua chumba cha pili, na akasimama.

Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani, limepiga moja kwa moja kwenye gauni. Hakuwahi kuliona likiwa zuri namna ile. Dhahabu ya vizimba ilikuwa inawaka. Chiriku wote wazima, wote wameinua vichwa. Likienda Nandagala litafuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa kwenye miba. Litakufa.

Picha ya mwisho, alijiambia. Picha tu.

Akapiga ya mbele. Akaugeuza mdoli, akapiga ya nyuma. Lesi ilikuwa imejikunja kidogo, akawasha pasi ya mvuke kuinyoosha, maana huwezi kupiga picha lesi iliyojikunja. Akapiga ya mishono, ndege kwa ndege. Nje dereva alipiga honi, akapiga tena. Doris akasema nakuja, akavuta pazia ili mwanga ukae sawa. Alikuwa analia wakati wote huo. Alimpenda Lusiana. Lakini mikono iliendelea na kazi yake.

Alipofika Nandagala na gauni limekunjwa kwenye karatasi laini, vilio alivisikia tangu barabarani.

Octavian alimpokea mlangoni, mkono umefungwa kanga iliyoloa.

"Usiingie," alimwambia.

Aliingia. Tepe zilikuwa zimeachana na kiuno, zikapanda. Shingo ya Lusiana ilikuwa imekatwa pande zote, taratibu, kwa utepe ulioingia nyamani mpaka kwenye mfupa. Kichwa kilikuwa kimeshikwa na ngozi kidogo ya nyuma, na Mama Makrina alikuwa bado amekipakata, anakipapasa nywele. Ukuta ulikuwa mwekundu hadi juu. Gauni lenyewe halikuwa na tone.

"Umechelewa wapi, mwanangu?" Mama Makrina aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Doris angetamani iwe ukali.

Akamkabidhi lile orijino, akasema ni zawadi, azikwe nalo. Mama Makrina alilifungua kwenye karatasi, akalikunjua, na vidole vyake vikafika shingoni, kwenye kifungo kidogo cha bluu. Vikakaa hapo. Akakizungusha kile kifungo, akamtazama Doris kwa muda mrefu, akarudi kukitazama kifungo.

Lusiana alizikwa na Gauni la Chiriku mwilini, na kanga imefungwa shingoni. Watu wengi waliliona likiingia kaburini. Feki Octavian alilichoma moto kwa mafuta ya taa, na lilichukua jioni nzima kuungua.

Siku ya kuondoa matanga, Doris alipelekewa salamu: Mama Makrina anakuhitaji. Angeweza kusingizia kazi. Lakini tangu siku ile alikuwa hapati usingizi, na kila alipofungua kabati aliona tepe za magauni yake yote zimefungwa, zote na sikio moja refu linaloangalia chini. Akaenda, akijiambia kwamba leo atasema yote na kuomba radhi.

Alikuta uwanja umejaa. Nguo za Lusiana zilikuwa zimefuliwa, zimekauka: sare za shule, sweta, sketi ya kwaya. Mama Makrina aliwagawia shangazi na binamu, mmoja mmoja, maneno yaleyale kwa sauti ileile iliyochoka. Sanduku likaisha. Akaingiza mkono tena.

Akatoa Gauni la Chiriku.

Mama mmoja alisema Yesu na Maria, akafunika mdomo. Gauni halikuwa na mkunjo. Lilikuwa na udongo mwekundu pindoni, mbichi, wa kaburini, na udongo ule ulikuwa ukidondoka taratibu juu ya miguu ya Mama Makrina.

"Nimelikuta asubuhi," Mama Makrina alisema. "Sikulifua. Doris, njoo."

Doris alikwenda. Miguu ilimpeleka. Alitaka kusema, mama nisamehe, lakini yako maneno ambayo wakati wake ukipita hayatoki tena. Watu wote walikuwa wanamtazama. Na kibaya kuliko vyote, alipoligusa lile gauni, lile alilolitamani miaka yote ile na ambalo hakuwahi kulivaa hata mara moja, kipande cha moyo wake kilifurahi.

Mama Makrina alisogea karibu, karibu kabisa, akamnong'oneza.

"Kifungo hiki nilikishona mimi."

Kisha akapaza sauti, wote wasikie.

"Chukua. Vaa." Akamsukumia gauni kifuani. "Mwenyewe yupo."

Doris akainua mikono, akalivaa. Lilimtosha. Lilikuwa baridi, na harufu ya mafuta ya nazi ikamfunika uso. Nyuma yake hapakuwa na mtu, ni ukuta wa nyumba tu. Akahisi tepe mbili zikiokotwa. Zikanyooshwa vizuri, kwa upole, kama rafiki anavyomfunga rafiki yake kabla ya kutoka. Zikapishana mara moja. Fundo likaanza, likatokea kushoto.

"Prisila," alisema. "Shoga yangu."

Zikavutwa.

Wanaume wanne walijaribu kuzifungua, na wote wanne wana alama viganjani mpaka leo. Mlio wa mbavu ulisikika hadi barabarani. Damu ilimtoka Doris puani, kisha masikioni, kisha mdomoni pamoja na vitu ambavyo havikupaswa kutoka. Mama Makrina alikaa kwenye mkeka wake, mikono mapajani, akaangalia mpaka mwisho, halafu akajifunika kanga usoni akalia kwa sauti, kama mama anayewalilia watoto watatu.

Waliomwosha Doris hawakulikuta gauni. Walikuta mgongoni, penye kiuno, alama nyeusi ya kipepeo, sikio moja refu, limelala chini. Ndugu zake wa Njombe walikuja kumchukua, wakafungua chumba cha pili, wakakuta midoli miwili mitupu na kabati lisilo na hata kitambaa.

Mama Makrina bado anaishi Nandagala. Lile sanduku la bati lipo chini ya kitanda, na hajalifungua tangu siku ile. Lakini anapofagia chumba huona ncha ya utepe imetokeza kwenye kifuniko, nyeupe, imenyooshwa kwa pasi. Huisukuma ndani kwa mpini wa fagio. Na kila anapoisukuma, huvutwa kidogo kutoka upande wa pili.